Milima ya Pare: Miamba Mikongwe Kando ya Ufa

Milima ya Pare haikutokana na volkano. Miamba yake, hasa naisi yenye mistari myeusi na myeupe, iliiva kwa joto na mgandamizo kilomita nyingi chini ya ardhi, takribani miaka milioni 640 iliyopita, mabara ya kale yalipogongana na kuunda bara kuu la Gondwana. Safu ya milima ya wakati huo ililika ikaisha. Kilichobaki ni mizizi yake.

Urefu wa leo umeletwa na nguvu nyingine. Gamba la dunia lilipovutwa, lilipasuka. Vipande vingine vikainuka, jirani zake vikadidimia na kuacha bonde la Mto Pangani upande wa magharibi. Ndiyo sababu kuta za milima juu ya mji wa Same ni za ghafla namna hii. Kilele cha Shengena, katika msitu wa Chome, kina mita 2,462.

Kilimanjaro, inayoonekana kaskazini-magharibi anga likiwa safi, ni changa mno: volkano zake zilianza kujengeka kama miaka milioni 2.5 tu iliyopita, magma ilipopata njia katika gamba lililodhoofishwa na mvutano huohuo.

Mvutano huo haujakoma: bamba la Somalia, kipande kikubwa cha gamba la dunia, bado linaachana na la Nubia, milimita chache kila mwaka. Julai 2007 matetemeko yalitikisa eneo la Gelai, kusini mwa Ziwa Natron, na volkano ya Oldoinyo Lengai ikalipuka baadaye mwaka huo.