Taarabu: Toka Jumba la Sultani Hata Viwanja vya Uzaramo

Leo twataka kuwaeleza habari za mchezo wa nyimbo ambao watu wa pwani yetu wameupenda kwa muda wa zaidi ya miaka mia, nao ni taarabu. Wengi wetu huisikia kwa mbali tu, arusini au katika redio. Waliopata kuketi mbele ya jukwaa ni wachache. Tena wapo wasemao kwamba mambo hayo ni ya Waarabu na ya watu wa mjini, wala mtu wa shamba hana fungu lake humo. Neno hilo twataka kulipima kwa mizani ya historia, maana asiyejua asili ya kitu huweza kuitupa mali yake mwenyewe, akidhani ni ya jirani.

Kwanza tulitazame jina lenyewe. Limetoka katika neno la Kiarabu, tarab, ambalo maana yake ni ile furaha au huzuni inayomshika mtu moyoni asikiapo muziki mzuri. Angalieni, basi, kwamba jina hili halisemi habari za ngoma wala zeze, wala za mpigaji. Lasema habari za msikilizaji. Neno hilo tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Katika Unguja, habari za taarabu huanza zama za Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888. Sultani huyu alipenda mambo mapya. Ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, jumba kubwa lililosimamishwa mbele ya bahari mwaka 1883. Husimuliwa kwamba alimtuma kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, aende Misri kujifunza kupiga kanuni, chombo chenye nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani. Aliporudi, watu wa jumbani wakaburudishwa kwa nyimbo za Kiarabu. Wakati ule taarabu ilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo ulikuwa wa Sultani. Aliyealikwa aliingia, asiyealikwa alipita njia.

Mwaka 1905 mlango wa pili ulifunguliwa. Vijana wa mjini Unguja walikusanyika wakaunda chama chao, wakakiita Ikhwani Safaa, yaani ndugu wenye mioyo safi. Walipiga udi, kanuni, fidla, nai na dumbaki, nao bado waliimba kwa Kiarabu. Mwaka huo huo huku kwetu bara mambo mengine makubwa yalitukia. Wajerumani walianza kutandika reli toka Dar es Salaam kwenda Morogoro, ikipita Pugu, Soga na Ruvu, ikafika Morogoro mwaka 1907. Tena vita vya Majimaji viliwaka mwaka huo wa 1905, vikafika hata Uzaramo. Babu zetu hawakuwa na nafasi ya kuuliza habari za udi na kanuni. Lakini reli ile, iliyojengwa kwa haja za wageni, baadaye ilikuja kuwa njia ya watu wetu kuteremka mjini na kurudi na nyimbo.

Sasa twafika kwa mtu aliyeufungua mlango wa tatu, mkubwa kuliko yote. Huyo ni Siti binti Saad. Alizaliwa kama mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, katika ukoo wa watu waliopitiwa na utumwa. Hata jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu, akitembea navyo na kuwaita wanunuzi kwa sauti yake. Mama zetu wa Kisarawe walioteremka Dar es Salaam na muhogo na mkaa wangemtambua mara moja, maana njia ya mtu wa shamba kwenda mjini ni moja kila mahali: mzigo kichwani, na miguu miwili.

Siti alipohamia mjini alifundishwa kuimba pamoja na vyombo, akapata wenzake wa kupiga naye. Jambo alilolifanya ndilo lililogeuza historia. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa lugha ambayo wengi hawakuifahamu, yeye aliiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 walivuka bahari mpaka Bombay, katika nchi ya Bara Hindi, wakaimba mbele ya mashine za kunasa sauti. Sahani zile za santuri zikaenea pwani nzima, zikapanda hata bara, na mtu asiyewahi kuiona Unguja akamsikia Siti katika mkahawa wa mji wake.

Wala hakuimba mapenzi tu. Umo katika nyimbo zake wimbo ujulikanao kwa jina la Kijiti. Habari yake ni ya mwanamke mgeni, aliyetoka Dar es Salaam, akauawa huko Unguja. Mtuhumiwa alivuka bahari akakimbilia bara, na wanawake waliokuja mbele ya hakimu kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Wanyonge hawakuwa na gazeti la kuandika uchungu wao, wala wakili wa kuwasemea. Walikuwa na wimbo. Hukumu ya baraza ilikwisha siku ile ile, lakini hukumu ya wimbo inaendelea kusomwa hata leo, kila mara jina hilo litajwapo. Siti alifariki mwaka 1950, na mwandishi mkuu wa Kiswahili, Shaaban Robert, aliandika wasifu wake. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa akiitwa Mtumwa aliandikiwa kitabu, na wakubwa wengi wa zama zake hawakuandikiwa.

Huku bara moto ulikuwa umekwisha kushika. Katika miaka ya 1930 Dar es Salaam ilikuwa na vyama viwili vilivyoshindana, Al-Watan na Egyptian. Mwaka 1951 redio ilianza kusema toka Dar es Salaam, na nyimbo zikafika mahali ambapo santuri haikufika. Dola zilibadilika: Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, na milki ya Sultani wa Unguja iliondoka Januari 1964. Jumba lililoileta taarabu lilipoteza bwana wake, lakini taarabu haikufa, na Ikhwani Safaa ilitimiza miaka 100 mwaka 2005.

Twauliza, basi: kitu gani hudumisha mchezo muda mrefu hivyo? Katika mji wa London upo mchezo wa nyimbo uitwao Les Misérables, ulioanza kuchezwa huko mwaka 1985, na mwingine, The Phantom of the Opera, ulioanza mwaka 1986. Watu hutoka mbali kwenda kuitazama, na wengine huirudia mara nyingi. Huko mtazamaji hununua tikiti, hukaa kimya gizani, na hupiga makofi mchezo ukomapo. Maneno ya leo ni yale yale ya jana. Uzuri wake ni kulinda kilichokwisha tengenezwa.

Taarabu yadumu kwa njia nyingine. Ukienda kuisikiliza utaona wapigaji wameketi jukwaani, wakianza kwa muziki mtupu bila maneno, bila haraka, mpaka masikio ya watu yatulie. Kisha mwimbaji husimama. Wimbo ufikapo ubeti uliomgusa mtu, mtu huyo huinuka katika kiti chake, huenda mbele kwa mwendo wa madaha, humtunza mwimbaji kwa fedha, na kurudi mahali pake. Hajasema neno, lakini watu wote wamefahamu. Labda ameshukuru, labda amemjibu jirani aliyemsengenya, labda amekumbuka msiba wake. Mwimbaji ni yule yule na wimbo ni ule ule, lakini kila usiku waliouhitaji ni wengine. Ndiyo maana tuliwaomba mlishike lile neno la mwanzo: jina la taarabu ni la msikilizaji.

Na desturi hiyo si ngeni kwetu hata kidogo. Katika mdundiko wetu wa Uzaramo hapana ukuta kati ya mchezaji na mtazamaji. Ngoma hupita njiani, na atakaye huifuata, huitikia, huitunza. Wazee wetu walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Mtu wa Kisarawe au Kibaha aketipo mbele ya jukwaa la taarabu, kwa hiyo, hakuingia nyumba ya watu. Vyombo vingine vilitoka Misri, lakini lugha ni yake, aliyeifungulia taarabu njia ni mwana wa kijiji kama yeye, na desturi ya kutunza aliijua tangu utotoni.

Tangu miaka ya 1990 taarabu imepata sura mpya. Vinanda vya umeme vimeingia, na vyama kama Tanzania One Theatre, kilichoanzishwa mwaka 1992, vilivuma kwa nyimbo za mipasho, ambazo husema wazi yale ambayo zamani yalisemwa kwa mafumbo. Wazee wengine hunung'unika. Sisi twaona kwamba lawama hiyo yataka kiasi. Siti naye alibadili alichokikuta, na lau asingalibadili, nyimbo zingalibaki jumbani. Ila lipo jambo moja ambalo vijana wasiliache kupotea, nalo ni ustadi wa neno lenye maana mbili, lililopimwa kwa vina na mizani, ambalo humfikia mlengwa bila kumvua nguo mbele ya watu. Huko Unguja chuo cha muziki kilifunguliwa mwaka 2002, na vijana hufundishwa humo udi na kanuni. Ustadi wa neno hauhitaji safari ya bahari. Waweza kufundishwa chini ya mwembe, na kila mzee ajuaye mafumbo ni mwalimu.

Basi, enyi wanafunzi, mkipata ruhusa ya wazazi na nauli ya kwenda kusikiliza taarabu, nendeni na masikio yaliyo wazi. Msihesabu vyombo tu, wala msitazame mavazi tu. Shikeni maneno ya wimbo mmoja, mrudi nayo nyumbani, mwaulize bibi na babu maana yake. Na mdundiko upitapo mlangoni penu kesho yake, msifunge dirisha.