Bahati Aliandikwa M

Siku moja kwenye darasa letu la kompyuta hapa Nakivale, upande wa Base Camp, kijana mmoja aliandika utani ubaoni. Ulikuwa utani wa watu wa programu, aliutoa kwenye simu yake. Kwa asiyejua: katika programu, kigeu ni kama sanduku lenye jina. Unaweka kitu ndani, baadaye unakitumia. Lakini kwanza unatangaza hilo ni sanduku la namna gani. Ukiandika const, kilichomo hakibadiliki tena. Ukiandika let, kinaweza kubadilika. Ukiandika boolean, ni ndiyo au hapana tu, jibu la tatu hakuna. Basi utani ulisema hivi: mzee wa kijijini hutangaza jinsia kwa const, kijana wa mjini kwa let, na fomu za ofisini kwa boolean.

Vijana walicheka, kisha wakaanza kubishana, na unajua ubishi wa jambo hili unavyowaka haraka. Ndipo msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Ticha, lakini nani anatangaza? Yule anayeandikwa, ama yule anayeshika kalamu?"

Sikuwa na jibu. Msichana huyo nitamwita Bahati. Si jina lake, ila lake pia ni la namna hiyo: Bahati, Amani, Riziki, majina ambayo kwetu anapewa mtoto wa kiume na wa kike vilevile. Swali lake lilinifanya nitafute historia ya kutangaza, na nilichokipata ndicho ninachowaletea.

Mwaka 1957 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa lugha ya programu iitwayo Fortran. Mwaka uliofuata, 1958, makazi ya Nakivale yalifunguliwa. Kwa hiyo lugha ile na makazi yetu ni rika moja. Kiongozi wa kazi alikuwa John Backus, na kwenye timu yake alikuwemo mwanamke kijana, Lois Haibt. Hata kabla yao, kompyuta kubwa ya ENIAC, iliyoonyeshwa kwa watu mwezi wa pili 1946, ilipangiwa hesabu zake na wanawake 6. Tena zamani zile neno "computer" halikuwa jina la mashine. Lilikuwa jina la mtu mwenye kazi ya kupiga hesabu, na wengi wa watu hao wakati wa vita walikuwa wanawake. Kwa hiyo kijana anayewaambia dada zetu eti kompyuta ni mambo ya wavulana, historia imempita.

Turudi kwa Fortran. Wakati ule programu iliandikwa kwa kutoboa matundu kwenye kadi, na kila herufi ilikuwa kazi. Basi wakaweka njia ya mkato: mashine itakisia yenyewe aina ya kigeu chako kwa kuangalia herufi ya kwanza ya jina. Jina likianza na I, J, K, L, M au N, ni namba kamili. Likianza na herufi nyingine, ni namba halisi, ile yenye nukta. Walifuata desturi ya wanahisabati, ambao hupenda kuhesabia kwa herufi kama i, j na n. Hapo ndipo ulizaliwa utani wa zamani wa Kiingereza kwamba Mungu ni halisi, isipokuwa atangazwe kuwa namba kamili, kwa sababu kwa Kiingereza jina lake linaanza na G. Kwa Kiswahili linaanza na M, kwa hiyo kwetu Mungu ni kamili bila kutangazwa! Neema naye ni kamili. Bahati angepewa nukta.

Lakini kukisia kuna hatari yake. Ukikosea herufi moja ya jina, mashine haipigi kelele. Inatengeneza sanduku jipya kimyakimya na kuendelea, na jibu linatoka limeharibika bila mtu kujua. Ndiyo maana baadaye waandishi waliweka amri ya kuandika juu kabisa ya programu: IMPLICIT NONE. Maana yake, usikisie chochote, kila kitu kitangazwe. Iliingia rasmi katika toleo la Fortran 90. Zaidi ya miaka 30 ilipita mpaka hapo.

Na sisi je? Kiswahili chetu hakimkisii mtu. Nikisema "alikuja, akalia", hujui ni kaka au dada. Lakini mkimbizi akieleza habari zake kwa Kiswahili, mkalimani anayeandika kwa Kiingereza lazima achague "he" au "she". Asipouliza, amekisia. Na fomu zina M na F za Kiingereza, wakati kwa Kiswahili mwanamume na mwanamke wote ni M!

Sasa mjue kwa nini Bahati aliuliza. Aliomba nafasi ya mafunzo Mbarara, ambako viti nusu vilikuwa vya wasichana. Majina yalipelekwa kwa simu, majina matupu. Mtu fulani, kwenye ofisi ambayo sitaitaja, aliona jina lake na kuandika M. Viti vya wavulana vilikuwa vimejaa, akaachwa. Hakuna aliyepiga kelele, orodha iliendelea. Tulipanda taksi hadi Mbarara kuuliza, na karani akamwangalia, akaangalia karatasi, akasema, "Kumbe wewe ni msichana. Pole sana, dada." M ikafutwa siku hiyo hiyo. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. Mama yake alikuwa ameuza mahindi kwa ajili ya nauli.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoshika kalamu, wageni na wenyeji, na sisi vijana tunaojitolea kuandikisha watu: ubishi wa const na let tuuache uendelee jioni. Wakati wa kazi, andika IMPLICIT NONE juu ya karatasi yako. Muulize mtu, umngoje ajibu, kisha umsomee ulichoandika. Ni dakika moja tu. Bahati ataomba tena mwakani, na safari hii fomu ataijaza kwa mkono wake.

Na wewe msomaji, mpaka hapa umeshaamua kama mimi ni kaka au dada? Mimi sikukuambia.