Mchicha wa Kariakoo: historia ya njia ya maji ndani ya mmea

Ndugu mkulima na ndugu muuza mboga, wateja wengi huamini kwamba mchicha ukioshwa vizuri umekuwa salama. Je, ni kweli? Jibu lipo katika historia ya jinsi binadamu alivyogundua safari ya maji ndani ya mmea.

Nchini Uingereza, mchungaji wa kanisa aitwaye Stephen Hales alipanda alizeti kwenye chungu. Akaufunika udongo ili maji yasipotee hapo, kisha akawa anapima uzito wa chungu asubuhi na jioni. Katika kitabu chake cha mwaka 1727 alieleza kwamba maji yaliyoingia kwa mizizi yalikuwa yakitoka kwa majani. Kwa kulinganisha ukubwa wa mwili, alizeti ile ilipoteza maji mara 17 kuliko mtu.

Lakini mmea hauna moyo wa kusukuma maji. Nani anayapandisha? Mwaka 1894, Henry Dixon na John Joly wa Dublin, Ireland, walieleza kwamba majani ndiyo yanayovuta. Maji yanapotoka kama mvuke kupitia vitundu vya majani, yanavuta yaliyo nyuma yake, kwa sababu chembe za maji zimeshikana kama mnyororo. Mnyororo huo hupita katika mirija iitwayo zailemu, kuanzia mizizini. Virutubisho vilivyoyeyuka udongoni hupanda humohumo. Sukari inayotengenezwa na majani ina mirija yake, floemu.

Sasa tuje kwetu. Jina Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Soko kubwa lililobuniwa na msanifu Beda Amuli lilijengwa miaka ya 1970. Miaka hiyohiyo, baada ya ukame, Serikali ilihimiza kilimo cha kufa na kupona, na watu wa mjini nao wakalima. Bonde la Msimbazi lipo jirani na Kariakoo, na mboga za majani hazivumilii safari ndefu. Kwa hiyo bonde likawa shamba la mji. Lakini mji ulivyokua, mto huo ulibeba pia majitaka ya makazi na viwanda.

Mwaka 1999, watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walipima metali nzito, zikiwemo risasi na kadmiamu, wakazikuta ndani ya mboga. Hapo ndipo somo la Hales linapotugusa: mzizi hauchagui vizuri kati ya kirutubisho na sumu iliyoyeyuka. Kuosha huondoa udongo na uchafu wa nje. Metali iliyopanda na maji imeshakuwa sehemu ya jani, na kuchemsha hakuiharibu.

Hii haina maana kwamba kila mchicha wa bondeni ni sumu. Ina maana kwamba usalama wa mboga huanza shambani. Fanya haya:

1. Pima maji ya kumwagilia kwenye maabara kabla ya kuanza kulima, hata kama yanaonekana masafi.

2. Pima na udongo. Metali nzito hukaa udongoni miaka mingi hata ukibadilisha maji.

3. Vuna alfajiri, mmea ukiwa umejaa maji. Ukiung'oa na mizizi yake hauwahi kunyauka.

4. Sokoni, weka mafungu kivulini, mizizi ikiwa kwenye maji safi. Jua na upepo huvuta maji kutoka kwenye jani hata baada ya kuvuna.

Kwa msaada wa kuchukua sampuli, mwone afisa ugani wa kata yako.