Maungo ya Baiskeli ya Kaboni

Historia ya mbio za baiskeli aghalabu huandikwa kwa majina ya washindi. Mwaka 1986 hutajwa kuwa mwaka wa Mmarekani Greg LeMond, mshindi wa Tour de France, na chombo alichokipanda hutajwa kwa kupita tu. Chombo hicho kilikuwa na fremu ya Look KG86, ambayo huhesabiwa kuwa fremu ya kwanza ya nyuzi za kaboni kumfikisha mshindi wa mbio hizo. Anayeijua vyema historia yake ni fundi anayeifufua leo, kwani yeye huisoma maungoni.

Look ilikuwa kampuni ya mji wa Nevers, Ufaransa, iliyosifika kwa vifungo vya kushikiza viatu kwenye mbao za kutelezea thelujini. Ujuzi huo ulizaa pedeli inayokishika kiatu bila mikanda, na kwa pedeli hiyo Bernard Hinault alishinda mwaka 1985. Mfanyabiashara Bernard Tapie, aliyekuwa akiimiliki Look, ndiye aliyeiasisi timu ya La Vie Claire mwaka 1984, timu ya Hinault na baadaye ya LeMond. Mabomba ya fremu yalitoka kwa TVT, kampuni ambayo jina lake kwa Kifaransa lina maana ya ufundi wa kioo kilichofumwa. Basi mfumaji, mtengenezaji wa vifungo na muundaji wa baiskeli walikutana katika chombo kimoja.

Mabomba hayo ya kaboni iliyochanganywa na aramidi yalichomekwa katika viungo vya alumini, yakagandishwa kwa gundi. Umbo lilikuwa la kale, la fremu za chuma. Kilichobadilika ni mada. Na katika ndoa hiyo ndimo ulimolala udhaifu wake. Kaboni hupitisha umeme. Maadamu gundi ni nzima, huitenga na alumini. Ikipata ufa, na jasho la mpandaji au chumvi ya bahari ikapenya, alumini huliwa polepole na kutoa unga mweupe. Sisi wa visiwani, tunaoona chumvi inavyokula nondo za madirisha, hatuhitaji maelezo zaidi.

Kwa hiyo fundi huanza kwa sikio. Hugonga bomba kwa sarafu, akilinganisha mlio mkavu na mlio uliofifia. Hiyo ni dalili tu, si hukumu. Kila kiungo hutazamwa kwa taa na kujaribiwa kwa mkono. Rangi haitolewi kwa dawa kali, kwani dawa hiyo hulainisha resini inayozifunga nyuzi. Hutolewa kwa msasa, taratibu. Gurudumu la nyuma nalo liwe la zama zake, la ekseli ya milimita 126. La milimita 130 lisilazimishwe, kwani chuma hukubali kupanuliwa, kiungo cha gundi hakikubali. Kiungo kilicholegea hufunguliwa, husafishwa na kugandishwa upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ukuta wenyewe ni shingo ya mtu.

Wako wasemao chombo kama hiki kitundikwe ukutani. Lakini vishikio vya gia vilivyo kwenye bomba la chini humtaka mpandaji aachie usukani kwa mkono mmoja na kuitafuta gia kwa hisia na kwa sauti ya mnyororo. Elimu hiyo haitundikiki. Ipandwe, basi, ile iliyokaguliwa ikathibitika. Isiyoaminika ipumzishwe, na kupumzishwa nako ni heshima.

Mwaka ule ule wa 1986, LeMond na Hinault, wa timu moja, walifika kilele cha Alpe d'Huez wameshikana mikono. Ushindani wao haukuishia hapo. Mwisho wa mbio LeMond alimtangulia mwenziwe kwa dakika 3 na sekunde 10. Uzima wa kiungo haujulikani kwa mng'aro wa nje.