Ijumaa, Saa Moja Kasoro Dakika Tano

Kama kazi yako ya kwanza ilikuwa ofisini, kwenye meza iliyo karibu na mlango wa bosi, utanielewa haraka. Unafungua bahasha, unaandika jina, unachukua bahasha nyingine. Saa ya kutoka inakaribia, bosi anapita: leo hakuna kuondoka mpaka kazi iishe. Sasa na mtoto nyumbani nani atamwangalia? Hilo halimhusu.

Ndivyo walivyofanyishwa kazi akina mama wa Grunwick, Willesden, London. Watu walituma filamu zao kwa posta, kampuni inasafisha picha na kuwarudishia. Jayaben Desai alikuwa kitengo cha barua. Mameneja walikaa kwenye vyumba vya vioo, wanawaona wote. Hata kwenda chooni unaomba ruhusa. Mshahara ulikuwa kama pauni 28 kwa wiki ya saa 40.

Na huyu mama ni wa kwetu, yaani alitokea kwetu. Alizaliwa Gujarat, akaishi Tanganyika, akafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 60. Wenzake wengi walitoka Kenya, Tanzania na Uganda, wengine baada ya Amin kuwapa Waasia siku 90 mwaka 1972. Sisi tumezoea kuwasikia wakitajwa nyumbani kama wenye maduka, basi. Kumbe London walianza chini kabisa, na mimi naona mabosi walilijua hilo vizuri. Mtu aliyepoteza kila kitu utamwambia abaki mpaka usiku, atabaki.

Tarehe 20 Agosti 1976, Ijumaa, kijana mmoja alifukuzwa kwa madai kwamba anafanya kazi polepole. Wenzake watatu wakatoka naye. Jioni hiyohiyo, saa moja kasoro dakika tano, Desai akavaa koti aende zake. Akaitwa ofisini. Hakunyenyekea. Alimwambia meneja kwamba pale si kiwandani, ni bustani ya wanyama, na humo wamo nyani wanaocheza ukiwaamrisha, lakini wamo pia simba. Akatoka, na mwanawe Sunil nyuma yake.

Hawakuwa na chama cha wafanyakazi. Walijiunga na APEX, chama cha makarani, na mgomo ukafikia watu 137. Walitaka kurudishwa kazini na chama chao kitambuliwe. Mwenye kampuni, George Ward, akakataa katakata. Kampuni inaishi kwa posta, kwa hiyo waliombana kweli ni wafanyakazi wa posta wa Cricklewood, waliogoma kushughulikia barua zake. Julai 1977 maelfu walijaa barabarani, wachimba makaa ya mawe wakiwemo. Wazungu wanaume wamesimama nyuma ya mama mfupi aliyevaa sari! Tume ya Jaji Scarman ikapendekeza warudishwe. Ward hakutaka, na mahakama ya juu ikampa haki.

Kilichoniuma mimi si Ward, maana yeye alijulikana. Novemba 1977 Desai na wenzake walikaa na njaa nje ya makao makuu ya TUC, wakidai msaada. APEX, chama chao wenyewe, kikawasimamisha uanachama na kuwakatia posho ya mgomo.

Mgomo uliisha Julai 1978. Hakuna aliyerudishwa. Desai baadaye alifundisha ushonaji, akafariki Desemba 2010.