Kiingereza cha Wakimbizi

Katika karne ya 16 Kiingereza kilikuwa lugha ya kisiwa. John Florio, mwana wa mkimbizi wa Kitaliano na msomeshaji wa lugha jijini London, alitoa mwaka 1578 kitabu cha mazungumzo ambamo msemaji mmoja anakiri kwamba lugha hiyo, mtu akishaivuka bandari ya Dover, haina thamani yoyote. Lugha hiyo isiyo na soko ng'ambo ndiyo waliyolazimika kujifunza Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbilia Uingereza, hasa baada ya mauaji ya Paris ya Agosti 1572.

Miongoni mwao alikuwamo Jacques Bellot, muungwana wa Caen. Mwaka 1580 alitoa kitabu cha kuwafundisha Kiingereza wageni, kilichoshughulika na herufi, matamshi na kanuni za lugha. Miaka sita baadaye akatoa kingine, kidogo, na hicho ndicho chenye uhai. Hakifungui kwa nomino wala kitenzi. Kinafungua kwa watoto wanaoamshwa asubuhi. Kutoka hapo msomaji hupelekwa shule, kisha sokoni kwa muuza kuku, muuza samaki na muuza nguo, bei zikatajwa na kubishaniwa, hata chakula kikaandaliwa na wageni wakaketi. Dibajini Bellot anasema kwamba yeye mwenyewe aliyaonja majonzi ya mtu aliyehamishwa kwao na asiyeielewa lugha ya pale alipofikia. Sarufi hakuitupa. Anayebishania bei ya samaki keshafanya zoezi la kuuliza, kukanusha na kuhesabu, ingawa hakutajiwa jina la kanuni hata moja.

Kurasa zake zina safu tatu: Kiingereza, Kifaransa, kisha Kiingereza kilekile kwa tahajia ya Kifaransa, ili msomaji ajue la kutamka. Hila hii haiwezi kuwa ngeni kwa watu wa pwani. Ndiyo ya mwanafunzi anayejiandikia "hau a yu" pembezoni mwa daftari, huku akilificha jicho la mwalimu lisimfikie. Lakini safu hiyo ya unyonge ina hazina yake. Tahajia ya Kiingereza ni shahidi mbovu wa sauti, na leo watafiti wa matamshi ya kale humrejea Bellot ili wapate kujua jinsi mitaa ya London ilivyosikika katika sikio la mgeni.

Kuijua lugha hakukuwapa wageni amani. Tarehe 5 Mei 1593 lilikutwa shairi limebandikwa ukutani mwa kanisa la Wadachi jijini London, likiwatisha wageni kwamba watachinjwa hata ndani ya nyumba zao za ibada. Chini yake palitiwa jina la Tamburlaine, shujaa wa tamthilia za Christopher Marlowe. Katika msako uliofuata alikamatwa mtunzi Thomas Kyd, naye Marlowe akaitwa kuhojiwa. Kabla mwezi haujaisha Marlowe alikuwa ameuawa. Mkimbizi aliyekisoma vyema kitabu cha Bellot angeweza kulitamka shairi lile neno kwa neno.

Kitabu hicho cha 1586 kilichapwa na Thomas Vautrollier, mkimbizi vilevile. Alipofariki mwaka 1587, mwanagenzi wake wa zamani, Richard Field wa Stratford, alimwoa mjane na kuishika karakana. Humo, katika mwaka uleule wa shairi la ukutani, Field alichapa Venus and Adonis, kazi ya kwanza ya Shakespeare kutiwa chapani. Yapata mwaka 1599 Shakespeare aliingiza katika Henry V binti mfalme wa Ufaransa anayefundishwa Kiingereza na mhudumu wake: mkono, vidole, kucha, kiwiko, kila neno likipindwa na ulimi wa Kifaransa. Ni mandhari ya kuchekesha, wala kicheko chake hakina sumu. Miaka michache baadaye mshairi huyo alikuwa amepanga katika mtaa wa Silver Street, nyumbani kwa mkimbizi wa Kifaransa aliyetengeneza mapambo ya vichwa vya wanawake.