Mjusi na Asiye Mjusi

Wilaya ya Rungwe imefunikwa na majivu na mawe ya volkano. Udongo huo ndio uwapao watu wa Tukuyu chai, ndizi na viazi, na ndio pia ufichao miamba ya kale iliyo chini yake. Atafutaye habari za viumbe wa zama za dinosaria hana budi kutoka nje ya majivu hayo, aende kaskazini magharibi hadi kwenye mawe mekundu ya bonde la Rukwa.

Huko ulichimbwa mnyama ambaye mwaka 2010 wataalamu walimwita Pakasuchus, jina lianzalo kwa neno la Kiswahili paka. Aliishi yapata miaka milioni 105 iliyopita, naye alikuwa na kimo cha paka na magego kama ya mamalia. Hata hivyo hakuwa paka, bali jamaa wa mamba.

Jina, basi, huweza kuonyesha umbo likaficha nasaba. Mwingereza Richard Owen alipounda neno dinosaria mwaka 1842 alikusudia maana ya mjusi wa kutisha. Na Watanzania wengi hata leo humwita mjusi yule wa Tendaguru, mkoani Lindi, ambaye mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikachukuliwa na wapagazi hadi pwani, na kusimamishwa Berlin mwaka 1937. Kwa nasaba, jitu lile li karibu na kuku kuliko na mjusi.

Mjusi wa kweli naye alikuwako Tendaguru, yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mabaki yake, ya ukoo uitwao Paramacellodidae, yalielezwa na wataalamu mwaka 1999, miaka 86 baada ya uchimbaji ule kwisha. Sababu yaeleweka: mfupa wa paja la jitu huwashinda watu kuunyanyua, lakini taya la mjusi hupotea katika konzi moja ya mchanga. Halipatikani ila kwa kuchekecha na kutazama kwa darubini.

Visukuku vya mijusi wa zama hizo ni haba mno barani Afrika. Kwa hiyo kipande kimoja kina uzito wa ushahidi kupita ukubwa wake. Wadaio jitu la Berlin lirejeshwe wana hoja ya kusikilizwa. Lakini historia ya nchi haikamiliki kwa majitu peke yao, na wachimbao Rukwa wahitaji chekeche pamoja na sururu. Mjusi aotaye jua juu ya jiwe huko Tukuyu ni wa nasaba iliyoutangulia mlima Rungwe wenyewe.